Sura ya Sita: Mzio wa Watoto Kwenye Vilima vya Bukavu

Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba mvua huiaga Bukavu, na udongo mwekundu wa vilima hugeuka vumbi. Wamotari wanaopanda kuelekea Essence na Panzi hulitimua, upepo wa ziwa hulibeba, na kufikia jioni limeshatua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sambaza wanaouzwa kando ya njia na juu ya magodoro ya watoto. Saa kumi na mbili mbabula huwashwa. Kule Kadutu nyumba zimebanana mteremkoni hivi kwamba dirisha la mmoja linatazama paa la mwenzake, na moshi wa makala ya jirani huingia ndani kabla ya moshi wa mwenye nyumba. Hapo ndipo kikohozi cha watoto kinapoanza.

Kikohozi hicho kina safari yake. Wiki ya kwanza huitwa mafua, na mtoto hununuliwa dawa ya maji kwenye duka la mtaani. Wiki ya pili hupimwa malaria. Wiki ya tatu huandikiwa antibiotiki, na mwezi ukipita watu huanza kunong'ona kuhusu kifua kikuu. Siku zote hizo mtoto huamka saa nane za usiku akikohoa, kifua kikipiga mluzi, na asubuhi huonekana mzima hata akaenda shule. Kikohozi kinachorudi usiku, kinachochochewa na mbio, kicheko kirefu, baridi au moshi, kinachopoa chenyewe na kurudi tena baada ya wiki chache, kinapaswa kumfanya mganga aifikirie pumu mapema. Kifua kikuu nacho kipo Kivu na lazima kichunguzwe, hasa mtoto akikonda au kukiwa na mgonjwa nyumbani. Ila kikohozi cha kifua kikuu hakina tabia ya kumwacha mtoto mchana akicheza kabumbu na kumrudia usiku.

Pumu ya watoto wengi ni ndugu wa mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na wadudu na viini vya magonjwa, huona kitu kisicho na madhara, kwa mfano kinyesi cha vijidudu vya vumbi vinavyoishi godoroni, mabaki ya mende au ute wa yai, ikakihesabu kuwa adui. Hutengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE, ambazo wanasayansi walizitambua katikati ya miaka ya 1960. Kingamwili hizo hujishika kwenye seli zilizojaa histamini katika ngozi, pua, macho, mapafu na utumbo. Kitu kile kikija mara nyingine, seli hufunguka na kumwaga histamini. Ngozi huwasha na kuvimba, pua hutiririka, macho huwa mekundu, njia za hewa hubana. Mtoto mmoja anaweza kupitia yote kwa zamu: ukurutu akiwa mchanga, kisha pumu, kisha mafua ya kila asubuhi. Mzazi akiwa na mojawapo, uwezekano wa mtoto kuupata huongezeka.

Kwa nini basi wazee wa Kabare na Walungu husema kwamba zamani hawakuona watoto wengi wa namna hii? Jibu zuri limetoka upande wa pili wa Maziwa Makuu, Uganda. Harriet Mpairwe na wenzake walichunguza watoto wa shule wapatao 1,700 katika eneo la mijini la Uganda, wenye pumu na wasio nayo, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Waliozaliwa katika mji mdogo walikuwa na hatari ya pumu mara mbili hivi ya wale waliozaliwa kijijini, na waliozaliwa katika jiji karibu mara tatu. Mahali alipozaliwa mtoto palikuwa na uzito zaidi kuliko mtu angetarajia.

Kabla ya hapo, kati ya 2003 na 2005, utafiti mkubwa ulioanzishwa Entebbe uliwaandikisha wajawazito 2,507. Kwa kura, baadhi walipewa dawa ya minyoo, albendazoli, na wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto walipofuatiliwa, wale ambao mama zao walipewa albendazoli walipata ukurutu utotoni kwa kiwango cha juu zaidi, karibu mara 1.8. Inaelekea minyoo, iliyoishi na binadamu tangu kale, huifundisha kinga kutulia, na ikiondoka, kinga hubaki na ukali usio na kazi. Hakuna anayepaswa kusoma habari hii akaacha kumpa mtoto dawa ya minyoo. Minyoo huleta upungufu wa damu na kudumaza, na Kivu ya Kusini haiwezi kumudu hilo. Utafiti huo unadokeza tu kwa nini mzio hupanda pale maisha ya kijijini yanapoachwa nyuma.

Na yanaachwa nyuma kwa kasi. Kwa miaka 30 vita vimewasukuma watu wa Kalehe, Mwenga, Shabunda na Walungu kuingia Bukavu, mji uliojengwa kwa ajili ya watu wachache mno, ambao sasa una zaidi ya milioni moja. Wazazi walizaliwa karibu na ng'ombe na mashamba ya maharagi. Watoto wao wanazaliwa Panzi, Cimpunda na Nyamugo, ndani ya chumba kimoja au viwili. Ndiyo sababu bibi anaweza kusema kweli kwamba hakuyaona haya katika ukoo wake, na mjukuu wake awe na pumu kweli.

Tatizo la pili ni kinyume cha la kwanza. Pumu hukosa jina lake, lakini karibu kila kipele huitwa aleji, na mama hurudi nyumbani na chupa ya prometazini. Dawa hiyo haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, maana inaweza kumpunguzia pumzi hadi kumuua. Mengi ya hayo yanayoitwa aleji ni mambo mengine. Upele wa kuambukiza, ule unaoletwa na kijidudu kinachochimba chini ya ngozi, huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na makalioni, na kwa kawaida kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna. Hautapona kwa kumtibu mtoto peke yake. Nyumba nzima hupakwa dawa siku moja, na nguo na matandiko hufuliwa na kuanikwa juani. Vipele vigumu vyenye kidoti katikati, vilivyopangana mikononi na miguuni, mara nyingi ni alama za viroboto na kunguni. Hapa kuna mzio kweli, wa mate ya mdudu, lakini tiba yake iko kitandani.

Tangu Septemba 2023 kuna sababu kubwa zaidi ya kuangalia ngozi kwa makini. Mwaka huo, katika mji wa machimbo wa Kamituga, wilayani Mwenga, mpox ilianza kuenea kwa aina mpya ya kirusi iliyopewa jina Ib. Ilifika Bukavu, ikavuka mipaka, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Watoto walikuwa wengi miongoni mwa wagonjwa. Vipele vya mpox huja na homa na tezi zilizovimba, hujaa maji kisha usaha, huweza kutokea viganjani na nyayoni, na kila kimoja hubaki mahali pake kwa wiki mbili hadi nne. Mabaka ya mzio yana mwendo tofauti. Huibuka ghafla, huwasha sana, hayana usaha, na baka moja halimalizi siku nzima mahali pamoja. Mama akizungushia kalamu baka la saa nne asubuhi na jioni akakuta limehama, ameshamsaidia muuguzi kazi nusu.

Ukurutu wenyewe, ule wa mzio, vitabu vingi vya tiba vinauelezea kuwa wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Huonekana rangi ya majivu, zambarau au weusi uliokolea, pamoja na vijipele vidogo kwenye vinyweleo na ngozi iliyokauka na kukunjamana nyuma ya magoti na ndani ya viwiko. Ngozi ya mtoto mwenye ukurutu haizuii maji yake kutoka, kwa hiyo msingi wa matibabu ni mafuta. Aoge kwa maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, sabuni isiyo na manukato itumike pale palipochafuka tu, kisha apakwe vaselini ya kutosha ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwa familia inayobeba maji kwa bido kutoka bombani, hii ni habari njema, kwani maji mengi hayahitajiki. Ukurutu ukiwaka, krimu ya haidrokotisoni hupakwa kwa siku chache. Cha kuogopwa ni krimu na losheni zenye klobetasoli zinazouzwa sokoni kung'arisha ngozi. Hiyo ni steroidi yenye nguvu kuliko karibu zote, na usoni mwa mtoto mchanga hupunguza unene wa ngozi na hata kuingia katika damu.

Macho yanastahili neno lake. Kuna mzio wa macho unaowapata zaidi wavulana, kwa kawaida kabla ya balehe. Macho huwasha kupita kiasi, hutoa ute mzito unaovutika kama uzi, huchukia jua, na weupe wa jicho hugeuka kahawia. Ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda, daktari wa macho Stefan De Smedt na wenzake wa Kabgayi waliwapima watoto wa shule wakaukuta kwa asilimia 4. Katika darasa la watoto 50, hao ni wawili. Timu hiyo ilijaribu tiba mbili kwa wagonjwa 366, matone ya deksamethasoni na matone ya siklosporini yaliyochanganywa na mafuta ya zeituni, na zote zikasaidia sawasawa. Jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu matone ya steroidi kama deksamethasoni yakitumiwa miezi mingi bila kupimwa hupandisha shinikizo la jicho na kuweza kulipofusha. Hapa mjini chupa ya matone hayo inanunuliwa bila cheti, ikapita kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake. Macho yanayowasha kila mwaka yanahitaji daktari wa macho, na vitambaa vya maji baridi vitatuliza wakati wa kungoja.

Tukija kwenye chakula, sauti inapaswa kupanda kidogo, maana hapa kosa dogo lina gharama kubwa. Kivu ya Kusini ni moja ya majimbo ambako karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Hospitali ya Lwiro, kwenye barabara ya Kavumu na Katana, imekuwa ikiwatibu na kuwachunguza watoto wenye kwashakoo tangu miaka ya 1960. Katika jimbo kama hili, kumwambia mama asimpe mtoto mayai, sambaza, maziwa wala karanga kwa sababu ya kipele ambacho hakikuchunguzwa ni kumnyang'anya mtoto protini iliyo karibu naye. Ukurutu mwingi hausababishwi na chakula. Mama anayenyonyesha naye hapaswi kubaki na bugali na sombe tupu eti kumkinga mtoto.

Mzio wa kweli wa chakula una mwendo unaotambulika. Mtoto hula, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili midomo huvimba, mabaka hutokea, hutapika au kukohoa, na hali hiyo hujirudia kila anapokula kitu kilekile. Kinachotokea mara moja na kisijirudie, ingawa amekula tena, si mzio wa chakula hicho. Shaka ikibaki juu ya dalili ndogo kama ukurutu, mganga anaweza kuondoa chakula kimoja tu kwa wiki mbili hadi nne, kisha kukirudisha na kutazama. Kukirudisha ndiyo sehemu inayosahauliwa, na bila hiyo jaribio halijakamilika. Aliyewahi kuvimba koo au kukosa pumzi hajaribiwi nyumbani hata kidogo. Wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huushinda kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Kuhusu karanga, dunia imebadili msimamo waziwazi. Kwa miaka mingi wazazi wa Uingereza na Marekani walishauriwa kuzichelewesha. Daktari Gideon Lack wa London alikuwa ameona kwamba watoto wa Kiyahudi wa Israeli, wanaokula vitafunio vya karanga tangu uchangani, walikuwa na mzio wa karanga mara chache mno kuliko Wayahudi wenzao wa Uingereza. Akafanya jaribio kwa watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu walilishwa karanga, nusu walizuiwa. Matokeo yalitoka 2015. Walipofika miaka 5, mzio wa karanga ulikuwa asilimia 17.2 kwa waliozuiwa na asilimia 3.2 kwa waliokula. Uji wenye karanga zilizosagwa laini, ambao akina mama wa Kivu wamewapa watoto wao kwa vizazi, ulikuwa umetangulia sayansi. Uanze miezi 6, mtoto akianza vyakula vingine, na karanga nzima zisitolewe kwa mtoto mdogo kwani humkaba. Pakiti za lishe zinazogawiwa watoto wenye utapiamlo mkali, zilizobuniwa 1996 na André Briend na Michel Lescanne, nazo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, mafuta, sukari na vitamini.

Turudi kifuani, kwani pumu ndiyo inayoua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 455,000 vya pumu kwa mwaka 2019, vingi katika nchi maskini, ambako pumu mara nyingi haitambuliwi wala kutibiwa ipasavyo. Mtoto akibanwa hupelekwa hospitali, hupata nafuu, hurudi nyumbani mikono mitupu hadi abanwe tena. Tembe na dawa ya maji ya salbutamoli, au aminofilini, zinazopendwa kwa bei yake, hufanya kazi polepole na kumtetemesha mtoto. Kinachotuliza uvimbe wa njia za hewa ni steroidi ya kuvuta kwa inhela, beklometasoni au budesonidi, kwa kiasi kidogo kila siku, hata siku ambazo hakohoi. Mazungumzo haya hutokea mara nyingi kituoni:

"Muganga, sasa anapumua vizuri, nimuendeleze tena na dawa?"

"Ndiyo, mama. Anapumua vizuri kwa sababu ya hiyo dawa."

Mtoto mdogo hawezi kuvuta inhela moja kwa moja mdomoni, dawa huishia kooni. Anahitaji chombo cha katikati, ambacho madukani ni ghali na mara nyingi hakipo. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 hufanya kazi sawa na chombo cha kununua, mradi tundu lizibwe vizuri. Kikombe cha plastiki nyepesi hakikufua dafu. Chupa ya maji huoshwa kwa sabuni ya vyombo na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, ili dawa isinate ukutani. Waya uliopindwa kwa umbo la mdomo wa inhela hupashwa moto na kuyeyusha tundu kwenye kitako cha chupa. Inhela huingizwa ikakaa imara, na mwanya hufungwa kwa gundi au plasta. Mtoto hushika mdomo wa chupa kwa midomo yake, inhela hutikiswa, hubonyezwa mara moja, naye hupumua taratibu mara tano. Ndipo hubonyezwa tena. Kwa mtoto mchanga asiyeweza kushika chupa kwa midomo huhitajika kifuniko cha uso.

Akibanwa, mtoto wa miaka 6 na zaidi anaweza kupewa salbutamoli ya inhela mibonyezo 4 hadi 10 kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, huku akipelekwa hospitali. Nyama za katikati ya mbavu zikiingia ndani, akishindwa kumaliza sentensi au kunyonya, ulimi na fizi zikigeuka kijivu au buluu, au kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikinyamaza ilhali bado anahangaika, hakuna kungoja asubuhi. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, kupata dawa na nauli ya usiku kumekuwa kugumu zaidi. Mwenye mtoto wa pumu afanye awezavyo inhela ya pili iwepo nyumbani kabla ya ya kwanza kuisha.

Kuhusu moshi, ukweli una pande mbili. Utafiti wa Mpairwe kule Uganda haukuona kwamba moshi wa jikoni ndio unaozaa pumu. Nyumba zilizopika kwa gesi na umeme ndizo zilizokuwa na watoto wengi wenye pumu, pengine kwa sababu ndizo zilizo mbali zaidi na maisha ya kijijini. Lakini mtoto ambaye tayari ana pumu, moshi humbana palepale. Bwawa la Ruzizi liko mdomoni mwa ziwa, na bado umeme hukatika, na makala yanaendelea kushuka mjini, mengine yakichomwa katika msitu wa Kahuzi-Biega. Familia ifanye lile linalowezekana. Mbabula iwashwe nje hadi makala yawe mekundu ndipo iingizwe, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika, maharagi yalowekwe usiku ili yaive upesi, godoro litolewe juani, sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu.

Limebaki lile la haraka kuliko yote. Mara chache, baada ya kung'atwa na nyuki, kuchomwa sindano ya penisilini au kula chakula, mzio huushika mwili wote. Mabaka huenea, sauti hukauka, mtoto hutapika, hupumua kwa shida, hulegea. Dawa yake ni adrenalini, na haina mbadala. Prometazini na deksamethasoni, zinazokimbiliwa kwanza katika vituo vingi, haziwezi kuzuia kifo cha dakika kumi zijazo. Ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1 huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo, isizidi 0.5. Mtoto wa kilo 20 hupata mililita 0.2, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Alazwe chali, miguu ikiinuliwa, isipokuwa kama kupumua kunamtaka akae, na abaki kituoni saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya kutulia. Kabla ya kuondoka, jina la dawa au chakula kilichomdhuru liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki, na nakala ipelekwe kwa mwalimu wake.